Nadharia za mwanzo wa ulimwengu: ipi imekubali kupimwa?

"Nani alikuwepo?" Ukitaka kuvunja mazungumzo ya Mlipuko Mkuu, nadharia ya sayansi kuhusu mwanzo wa ulimwengu, kwenye baraza lolote la kahawa hapa Tanga, tupa swali hilo halafu nyamaza. Nimelisikia Ngamiani kwa mzee aliyestaafu uvuvi, nikalisikia tena Chumbageni kwa kijana mwenye shahada yake. Mzee alilitoa bila kuzunguka: "Mwalimu, hao wataalamu wako walikuwepo? Mimi hata ya juzi yananitoka kichwani." Kijana alilivalisha suti: sayansi ni jambo unaloweza kulirudia maabara, ulimwengu umeanza mara moja tu, kwa hiyo habari za mwanzo wake ni imani ya watu wanaojua hesabu.

Swali lao ni zuri kuliko majibu mengi wanayopewa, hasa lile la "wanasayansi wamethibitisha", ambalo likishatamkwa hakuna anayethubutu kuuliza wamethibitisha nini na kwa kipimo gani. Shida yake ni kwamba linafunga kamba moja mizigo isiyolingana. Kusema ulimwengu wa kale ulikuwa wa moto na umesongamana, kisha ukatanuka na kupoa, ni dai moja. Kusema kwamba kabla ya hapo ulifumuka ghafla ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde ni dai jingine. Na kusema kwamba huu wetu ni mmoja tu katika malimwengu yasiyo na idadi ni dai tofauti kabisa, ingawa hupenda kutembea nyuma ya yale mawili kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Mtu akiniuliza kama nadharia hizi zinapimika, nami humuuliza: ipi?

Kwanza hilo la mashahidi. Samaki silikanti alijulikana kwa mabaki ya mawe tu, na mabaki hayo yanakoma kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, zama walipotoweka dinosaria. Wataalamu wakahitimisha kwamba naye katoweka. Hakuna aliyemshuhudia silikanti wa mwisho akifa, lakini dai lao lilikuwa na jambo moja linalolikataza: silikanti asionekane mbichi. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji ule akamkuta kwenye lundo la samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Dai likafa. Miaka ya 2000 wavuvi wa pwani yetu nao wakaanza kumtoa kwenye majarife yanayotegwa maji ya kina kirefu, mara kwa mara hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mzee wangu wa Ngamiani amemshika kwa mikono yake: magamba magumu, mapezi yenye nyama kama vijimguu, mafuta tele, na kwa maelezo yake hafai kwa wali. Kwa hiyo yeye mwenyewe ni shahidi kwamba dai la mambo ya miaka milioni 66 iliyopita linaweza kupimwa, na likashindwa.

Jibu la kijana nalo limo humo humo. Hakuna anayerudia kuchongwa kwa Mapango ya Amboni maabara, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo hayachunguziki. Kinachotakiwa kurudiwa ni kipimo. Leo nipime mimi, kesho apime hasimu wangu kwa chombo chake, tuone kama tunapata kitu kimoja.

Mwaka 1934 mwanafalsafa Karl Popper aliandika kwamba alama ya nadharia ya kisayansi ni kukubali kukanushwa. Wanafalsafa wamembishia sana tangu hapo, lakini kiini chake bado kinanifaa. Mpiga ramli akikuambia safari yako ina heri ila kuna kijicho njiani, ukifika salama kasema kweli, gari likipinduka kasema kweli. Nadharia ya sayansi inatakiwa ijinyime uhuru huo. Iseme mapema: kikionekana kitu fulani, mimi nimekwisha.

Sasa tuje kwenye ulimwengu wa moto. Wenye umri wangu wanazikumbuka televisheni za kabla ya ving'amuzi. Ukiachia stesheni, au upepo ukiigeuza antena juu ya bati, kioo kilijaa chenga na mvumo usiokatika. Sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia moja hivi, ilitokana na mawimbi yaliyoanza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 tu, yakasafiri karibu miaka bilioni 13.8 hadi kuishia kwenye antena ya alumini juu ya nyumba ya Makorora. Nasi tulikuwa tunalipiga kibao sanduku la TV ili yaondoke.

Uzito wa mawimbi hayo ni kwamba yalitabiriwa kabla hayajaonekana. Mwaka 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walipiga hesabu: kama ulimwengu ulianza moto, joto lake halijaisha, limepoa tu, na leo linapaswa kuwa nyuzi 5 hivi juu ya sifuri kamili, yaani baridi isiyoweza kuzidi. Hakuna aliyehangaika kulitafuta. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena yenye umbo la pembe huko Holmdel, jimbo la New Jersey, wakakutana na mvumo wasioujua. Waliigeuzia antena mji wa New York, mvumo ule ule. Wakaigeuzia anga tupu, ule ule. Asubuhi, usiku, kiangazi, kipupwe, haubadiliki. Ndani ya pembe kulikuwa na njiwa wamejenga kiota. Wakaondolewa, kinyesi chao kikakwanguliwa, mvumo ukabaki pale pale. Wakati huo huo, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo, Robert Dicke wa Princeton na vijana wake walikuwa wanaunda chombo cha kutafuta mabaki hayo hayo ya joto. Simu ikapigwa, mambo yakaeleweka. Penzias na Wilson walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Watu husahau kwamba palikuwa na mshindani. Mwaka ule ule wa 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walisema ulimwengu hauna mwanzo: unatanuka, lakini maada mpya huzaliwa polepole kujaza nafasi, kwa hiyo sura yake haibadiliki milele. Jina la kiingereza la Mlipuko Mkuu, "Big Bang", lenyewe lilitoka kinywani mwa Hoyle, kwenye redio ya BBC mwaka 1949, akiizungumzia nadharia asiyoikubali. Mimi namheshimu Hoyle. Nadharia yake ilitoa shingo. Kama alikuwa sahihi, ulimwengu wa kale ulipaswa kufanana na wa leo, na vipimo vya redio vya Martin Ryle kule Cambridge vilionyesha haufanani. Kisha ukaja mvumo wa Holmdel ukammaliza, ingawa mwenyewe hakukiri hadi anaingia kaburini. Nadharia iliyouawa na ushahidi imekufa kifo cha heshima kuliko ile isiyoweza kufa.

Vipimo havikukomea hapo. Nadharia haikudai mvumo tu, ilidai mvumo wenye mkunjo maalumu wa nguvu katika kila urefu wa wimbi, ule unaotolewa na kitu kilichokuwa na joto moja kila mahali. Setilaiti ya COBE, ya kuupima mvumo huo, ilirushwa mwaka 1989, na Januari 1990 John Mather akauonyesha mkunjo mbele ya wanaastronomia wa Marekani. Vipimo vilikaa juu ya mstari wa nadharia bila kuchungulia pembeni, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Nyuzi 2.7 juu ya sifuri kamili. Mkunjo ule ungetoka na kibyongo, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kuna kipimo kingine kisichosemwa sana, nami ndicho nikipendacho. Kama ulimwengu unapoa, basi zamani ulikuwa na joto zaidi, na ukitazama mbali unatazama zamani kwa sababu mwanga unachukua muda kufika. Mwaka 2008 watafiti walitangaza walichokiona kwenye wingu la gesi ambalo mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 11. Ndani yake mna molekuli za kaboni monoksaidi, na jinsi zinavyokula mwanga hutegemea joto zinaloogelea ndani yake. Nadharia ilitaka nyuzi 9.3 juu ya sifuri kamili. Kipimo kilileta 9.15, ndani ya ukingo wa makosa. Kwa hiyo tuna kipimajoto kilichosomwa miaka bilioni 11 nyuma, na kimesoma kile kilichotarajiwa.

Kiasi cha heliamu nacho, karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida, kinakubaliana na hesabu za dakika chache za mwanzo. Lithiamu, elementi nyingine ya dakika hizo, haikubaliani: nyota za kale zina theluthi hivi ya inayotakiwa, na bado watu wanagombana nayo. Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ukiipima kwa mabaki ya joto la mwanzo inatoka 67, ukiipima kwa nyota na galaksi za jirani inatoka 73 hivi, katika vizio wanavyotumia wanaastronomia, na hakuna suluhu iliyokubaliwa na wote. Mimi kasoro hizi zinanipa imani kuliko mashaka. Mtu anayepindisha mahesabu hawezi kukuachia lithiamu ikining'inia hadharani.

Darubini ya James Webb iliyorushwa Desemba 25, 2021 ilipoanza kuleta picha, makundi ya WhatsApp yalijaa ujumbe kwamba Mlipuko Mkuu umekufa. Zilionekana galaksi zinazong'aa kupita kiasi, za wakati ulimwengu haujafikisha miaka milioni 300. Zilichotikisa ni makadirio ya kasi ya kuzaliwa kwa nyota. Silikanti wa 1938 aliua dai la kutoweka kwa silikanti. Hakugusa umri wa mawe. Kila ushahidi mpya una dai lake unalolipiga, na kazi ya mwandishi wa habari za sayansi, kazi ambayo huku kwetu inafanywa na yeyote mwenye bando, ni kusema ni lipi.

Lakini angalia mpaka wa haya yote. Vipimo vyetu vizuri vinaturudisha hadi dakika za kwanza, labda sekunde ya kwanza. Nukta yenyewe ya mwanzo havijaigusa. Nadharia inasimulia jinsi ulimwengu wa moto ulivyopoa. Nani au nini kiliwasha moto, haisemi. Hapa ndipo mihadhara yetu inapoteleza. Nimesikia Mlipuko Mkuu ukipachikwa kwenye aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, ile ya mbingu na ardhi zilizokuwa zimeambatana, na nimesikia ukipachikwa kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo kwa ari ile ile. Georges Lemaître, Mbelgiji aliyeileta hoja ya ulimwengu unaotanuka mwaka 1927 na ya chembe ya asili, ambamo ulimwengu wote ulianzia, mwaka 1931, alikuwa padri. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoizungumzia nadharia hiyo kana kwamba inaunga mkono uumbaji, Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia ilisimama nje ya mambo ya dini, na Muumini na asiyeamini wote wangeweza kuitumia. Shehe anayeifunga aya kwenye namba ya mwaka huu ajiulize atasemaje namba ikibadilika mwakani.

Tukipanda nyuma ya sekunde ya kwanza, ardhi inakuwa laini. Joto la anga linalingana pande zote kwa tofauti ya sehemu moja tu katika 100,000, hata kati ya pembe mbili ambazo, kwa hesabu ya kawaida, hazikuwahi kupata muda wa kubadilishana joto. Kulieleza hilo, Alexei Starobinsky mwaka 1980, Alan Guth mwaka 1981 na baadaye Andrei Linde walileta mfumuko: ulimwengu ulitanuka ghafla kupita kiasi, sehemu ndogo iliyokwisha lingana ikawa anga yote tunayoiona. Ni wazo zuri, na lina utabiri uliotimia. Lilitaka vipele vya joto la anga, yaani zile tofauti ndogo, viwe na ukubwa unaokaribia kulingana kwa kila kipimo, lakini si sawasawa. Kwa namba wanayoitumia, isiwe 1 kamili bali chini kidogo. Setilaiti ya Planck imeipata 0.965. Aliyesema "chini kidogo" mapema anastahili alama.

Alama kamili zingekuja na mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, kutoka mfumukoni, ambayo yangeacha msokoto fulani katika mwanga wa kale. Machi 17, 2014 timu ya BICEP2, yenye darubini yake kwenye Ncha ya Kusini, ikatangaza kwamba imeuona. Video ilizunguka dunia nzima: mtafiti anagonga mlango kwa Linde, anampa habari, shampeni inafunguliwa. Katika video hiyo hiyo Linde anasema kitu ambacho wengi walikiruka. Anajiuliza, je, kama naamini haya kwa sababu tu ni mazuri? Miezi michache ikatosha. Vumbi la galaksi yetu wenyewe linaweza kuusokota mwanga vivyo hivyo, na katika kukadiria vumbi timu ilikuwa imetumia, pamoja na vyanzo vingine, picha ya slaidi ya mkutanoni yenye ramani ya Planck ambayo haijachapishwa. Mwanzoni mwa 2015 BICEP2 na Planck wakakaa meza moja, wakachanganya data, na ushahidi wa mfumuko ukayeyuka ndani ya vumbi.

Wapo wanaoitaja hadithi hii kama fedheha. Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe: dai limetolewa kwa tarumbeta, hasimu akaja na chombo chake, dai likaondolewa, na waliokosea ndio waliotia saini ripoti ya kujikosoa. Ni taasisi ngapi unazozijua zinazofanya hivyo ndani ya mwaka mmoja?

Linalonikera ni jingine. Mwaka 2021 vipimo vya timu hiyo hiyo viliubana uwiano wa mawimbi hayo, yaani nguvu yake ikilinganishwa na ya vipele vya joto, chini ya 0.036, na mfano rahisi kabisa wa mfumuko, ule aliouasisi Linde mwenyewe mwaka 1983, ukatupwa nje. Vizuri. Lakini mifano ya mfumuko ni mamia. Mtoto akifa, ukoo unabaki, na ukoo hauulizwi. Mwaka 2017 Paul Steinhardt, mmoja wa waliolijenga wazo hili, aliandika pamoja na Anna Ijjas na Avi Loeb kwamba mfumuko umekuwa laini kiasi cha kupokea matokeo yoyote. Wanasayansi 33, Stephen Hawking akiwemo, wakamjibu kwa barua: mifano inapimwa kila siku na mingine inakufa. Wako sahihi. Hata hivyo sijaona barua ile ikisema ni kipimo gani kingeumaliza ukoo mzima, na hilo ndilo lilikuwa swali la Steinhardt.

Malimwengu mengi hayanichukui muda mrefu. Matoleo mengi ya mfumuko yakiachwa yaendelee hayasimami, huzaa ulimwengu baada ya ulimwengu, kila mmoja na sheria zake, na sisi hatuna njia ya kufika kwa jirani. Watetezi wana karata moja nzuri: mwaka 1987 mwanafizikia Steven Weinberg alitumia fikra za namna hii kukadiria kwamba nishati ya anga tupu lazima iwe ndogo, ila si lazima iwe sifuri, na mwaka 1998 ikagundulika kwamba kweli ipo na ni ndogo. Naikubali karata hiyo, lakini ni moja, na ilikuwa pana. Watafiti wamejaribu pia kutafuta makovu ya kugongana na malimwengu mengine katika ramani za anga; matokeo yaliyochapishwa 2011 hayakupata kitu cha kusimamia. Sasa sikiliza: yasingalikuwepo makovu, nadharia ingalipona, yangalikuwepo, ingalishangilia. Mwaka 2014 George Ellis wa Cape Town na Joe Silk waliandika katika jarida la Nature kuwaonya wenzao wasilegeze sharti la kupimwa eti kwa kuwa hesabu zinapendeza. Nipo upande wao. Malimwengu mengi yaitwe falsafa, na falsafa si tusi, mpaka yatakapotoa shingo.

Kwa wanaotaka kufuatilia jambo lenye mwisho, waachane na malimwengu na waikodolee macho namba moja. Mfano wa Starobinsky wa 1980, ambao hadi sasa umepita kila chujio, unadai uwiano wa mawimbi ya mvutano uwe karibu 0.003 au 0.004, mara kumi chini ya tunapoweza kuona leo. Japani na washirika wake wanaandaa setilaiti ya LiteBIRD, iliyokusudiwa kushuka hadi karibu 0.001. Starobinsky alifariki Desemba 2023, namba yake ikiwa bado haijaguswa. LiteBIRD ikishuka huko na kukuta patupu, mfano huo utaungana na wa Hoyle, na mabingwa wa mfumuko watalazimika kusema ni mfano gani wanaukimbilia na kwa nini hawakuutaja kabla.